Fungu la Mjomba

Siakago,
14 Machi 2004

Kathure mpwa wangu,

Sisi wa huku tumeamka wazima, na mbuzi wameamka kabla yetu kama kawaida yao. Mvua ilitishia, ikazunguka zunguka, halafu ikaenda kunyesha Embu mjini ambako hakuna anayeihitaji. Ednah wangu anakusalimu sana. Anasema baridi ya huko ikizidi uvae soksi, si zile za maduka, zile alizokufumia. Kijana wetu Njagi bado yuko ofisini kwake Embu. Amehamia mtaa wa Dallas, kwenye nyumba yenye choo ndani, kwa hiyo siku hizi tukimtembelea anatuonyesha choo kwanza, chai baadaye.

Sasa habari yenyewe. Baba yako Mithika alipata wageni huko Kangeta. Kuna mtu anaitwa Salesio, Mwigembe mwenzake wa Meru, amefungua kliniki mjini Embu ya kutibu magoti, migongo na macho kwa hizo seli unazootesha maabara huko. Alifika na wazee wawili na ile ncoolo yenu, kifurushi cha miraa teule kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama cha posa. Akaomba jina lako na picha yako vikae katika kliniki yake. Baba yako akakifungua mbele ya wazee. Wewe unajua uzito wa jambo hilo kuliko mimi. Sisi Wambeere ni watu wa muguka, ile miraa ya majani, tunabeba majani yetu kwenye mfuko wa plastiki na hatusumbui mtu. Lakini nilimwona alivyofurahi. Una miaka thelathini na minne, Kathure, na mzee alikuwa amekata tamaa ya kuletewa kifurushi kwa ajili yako.

Akanitumia na mimi fungu langu la mjomba, kijifurushi kilichofungwa vilevile. Kwa meno haya ya kubandika ningetafuna nini? Nimelitundika juu ya jiko, moshi unalifanyia kazi.

Ednah ameanza kuuliza habari za jicho lake. Unajua hajawahi kuuliza tangu siku ya chokaa. Je, na wewe utakuwa kwenye kliniki hiyo? Twende?

Mjomba wako,
Gichovi

Nakukumbusha: barua yako iliyopita ulisahau herufi kubwa kwenye neno Krismasi. Nimekupa tisa juu ya kumi.


Uskochi,
6 Aprili 2004

Mjomba mpendwa,

Barua yako nimeikuta nikitoka kununua viazi, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi na mfuko mkononi. Asante kwa tisa. Soksi ninazo, ila kidole gumba kimeshatoka nje. Theluji imeyeyuka na kutuachia matope ambayo hata mbuzi wako wangeyakataa. Mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka themanini, bado ananiuliza kama Kenya kuna paka. Msalimie Njagi na choo chake.

Mjomba, sikumpa Salesio ruhusa. Hata simjui. Nimemwandikia aiondoe picha yangu, na Baba nimemwandikia airudishe ile ncoolo.

Unakumbuka nilivyokueleza kazi yangu kwa mfano wa kitalu? Pembezoni mwa duara jeusi la jicho, pale linapokutana na weupe, kuna ukanda mwembamba wa seli shina. Ndizo zinazozaa seli mpya za kufunika kioo cha jicho, kila siku, maisha yote. Mama Ednah alipokuwa akipaka kanisa chokaa kabla ya ziara ya askofu, ndoo ikamwagika usoni, chokaa ilichoma kitalu cha jicho lake la kushoto. Ndiyo maana lilifunikwa na ukungu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikimchotea maji ya kunawa, na naweza kusema sijawahi kuacha kumchotea. Tunachofanya maabara ni kukata kipande kidogo cha kitalu kwenye jicho zima, kukiotesha, kisha kukipandikiza kwenye jicho bovu. Kwa kusema ni rahisi. Lakini maana yake ni kwamba huwezi kutibu jicho bovu bila kugusa zima, na yeye analo moja tu.

Msiende. Subirini. Majaribio yetu huku yamepumzika kidogo, ni mambo ya ofisi, yataisha. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe.

Ni mimi mliyemlea tangu Mama alipotutoka,
Kathure


Siakago,
9 Mei 2004

Kathure,

Tumshukuru Mungu, mvua imekumbuka njia ya kuja kwetu na ndengu zimechanua. Mbuzi mmoja amevunjika mguu lakini anaendelea vizuri. Ednah anakusalimu, ingawa amekununia kidogo. Kununa kwake hakudumu.

Baba yako aliteremka kutoka Kangeta juzi. Hakunywa chai, na wewe unamjua baba yako kwa chai. Alikaa kwenye kiti changu akasema, "Shemeji, huyu msichana ananiambia nirudishe ncoolo. Nirudishe nini sasa, mabua? Si nilitafuna! Nilitafuna wazee wakiniona!" Sikucheka, ingawa nilitaka. Mzee ameumia. Anasema umemfanya mtoto mbele ya rika lake, na kwamba mtu wa kwanza kumpa heshima kwa ajili yako wewe umemfukuza kwa barua.

Ednah alikuwa jikoni akisikiliza. Akatoka na mwiko mkononi akaniambia, "Muulize kwa nini. Kila mwaka ni subiri, subiri. Aseme kwa nini."

Basi nauliza. Nimefundisha hesabu pia, si Kiswahili peke yake. Mtoto aliponiletea jibu bila kuonyesha njia, nilimpa sufuri hata kama jibu ni sahihi. Kwa nini mmepumzika? Kama jambo hili linafaulu huko, kwa nini lisifaulu Embu? Kuna watu hapa sokoni wanaosema hutaki Mwafrika mwenzako afanye unachofanya. Mimi sijasema hivyo, lakini sina cha kuwajibu.

Onyesha njia.

Gichovi
(saba juu ya kumi, kwa kukwepa swali)


Uskochi,
20 Juni 2004

Mjomba,

Natumaini mbuzi amepona mguu. Mimi ni mzima. Hapa jua linakataa kuzama, watu wanakaa bustanini mpaka usiku na kuungua ngozi kwa hiari yao.

Swali lako sitalijibu kwa barua. Kuna mambo ya hapa kazini siwezi kuyaandika. Naomba uniamini tu. Kama mnamwamini mtu aliyekuja na miraa kuliko mimi niliyeangalia macho kwenye darubini miaka yote hii, basi sina la kuongeza.

Nimesoma sentensi hiyo mara mbili na ni kali, lakini nimeiacha kwa sababu nimekasirika. Nimekasirika na Salesio, na Baba, na wewe kidogo.

Nilimpigia Njagi simu Jumapili. Akaniambia Mama Ednah yuko kwake Dallas kwa wiki nzima, "anapumzika tu". Mama Ednah hajawahi kupumzika wiki nzima tangu nimjue. Nilipoomba kuzungumza naye, Njagi akasema ameenda kanisani, na huku nyuma nilimsikia akikohoa. Kuna nini?

Kathure


Siakago,
2 Agosti 2004

Kathure,

Sisi ni wazima. Tumevuna ndengu, si haba. Mbuzi wa mguu amezaa mapacha. Padre wetu amehamishwa, na huyu mpya anahubiri kwa haraka, watu wanamsifu. Njagi ni mzima. Upepo ni mwingi na vumbi ni jingi.

Uwe salama huko.

Gichovi


Uskochi,
27 Agosti 2004

Mjomba mpendwa,

Barua yako fupi imenitisha kuliko ukali wako wote. Hukunipa alama. Na Mama Ednah hakunisalimu. Tangu niondoke nyumbani sijapata barua yako isiyo na salamu yake. Hata mwaka ule malaria ilipompoteza fahamu, uliandika, "Ednah angekusalimu."

Sijui nimechelewa kiasi gani, lakini nitaonyesha njia sasa.

Tulikuwa na mgonjwa, seremala, mtu wa utani mwingi. Saruji ilimwingia jicho moja kama chokaa ilivyomwingia Mama Ednah. Tulikata kipande kwenye jicho lake zima, tukakiotesha, tukampandikiza. Mwanzoni jicho bovu likaona. Alituletea kigoda alichokichonga mwenyewe, nakikalia hata sasa ninapoandika. Kisha Februari lile jicho zima, pale tulipokata, likaanza kufanya ukungu. Kitalu chake hakikuota tena. Na jicho lile jingine nalo likarudi gizani. Mtu aliyekuja kwetu na jicho moja ameondoka bila hata moja.

Hatujui kwa nini. Tulikuwa na vifaa vyote na tulikuwa waangalifu, na bado hatujui. Majaribio yakasimamishwa. Mawakili wa taasisi wakatuita, wakatuambia tusimwambie mtu, hata wa nyumbani. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema nitafukuzwa, na nikifukuzwa nani atalitibu jicho la Mama Ednah? Ilinituliza kufikiri hivyo. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ninyi huko mnanitaja kanisani, Mjomba. Sikutaka mjue kwamba kazi yangu imempofusha mtu.

Kama hamjaenda, msiende. Mfungie Mama Ednah mlango. Mwambie sababu yote, mwambie habari za seremala. Nisamehe kwa kuchelewa.

Kathure


Siakago,
29 Agosti 2004

Kathure mwanangu,

Barua ile ya mwanzo wa mwezi niliiandika kama mtu anayefagia uchafu chini ya kitanda. Leo nafagia vizuri.

Ile wiki ya Juni Ednah alikuwa kwa Njagi akiulizia habari za kliniki kwa majirani; wenyewe tulikwenda katikati ya Julai. Kwanza ilikuwa kuuliza tu. Kliniki iko orofani, juu ya duka la mabati. Ukiingia, ukuta wa mbele ni wewe, picha kubwa ndani ya fremu ya kioo, koti jeupe, ile ya kuhitimu uliyomtumia baba yako. Ednah aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akasema, "Amekonda." Akakaa kwenye benchi chini yake, mkoba mapajani, na nikajua kwamba hatuendi tena kuuliza.

Msichana wa mapokezi akamwambia, "Mum, usi-worry, ni kitu kidogo tu, ten minutes uko sawa." Salesio mwenyewe akatoka na koti jeupe. Ednah akamwonyesha picha akasema, "Huyo ni mtoto wangu. Kata."

Wakakata jicho la kulia. Wiki iliyofuata wakabandika kitu kwenye la kushoto. Tulikaa Dallas kwa Njagi. Jicho la kulia likawa jekundu, likavimba, likatoa usaha, na Salesio akawa anasema ni dawa inafanya kazi. Nilipompeleka kwa daktari wa macho wa serikali, yule kijana aliliangalia muda mrefu, akaniuliza tulichelewa wapi. Sasa Ednah anajua mlango umefunguliwa kwa sababu ya mwanga. Zaidi ya hapo haoni. La kushoto liko vilevile.

Mimi ndiye niliyemshika mkono kupanda zile ngazi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nina hasira na wewe pia, Kathure, kwa neno lile moja, "subirini", ulilotuletea kila mara bila kitu pembeni yake. Hasira hiyo itapoa, lakini leo ipo.

Gichovi


Uskochi,
24 Septemba 2004

Mjomba,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu bila shaka unayo sasa, na umeona kwamba nilikuwa na kile ulichokiomba tangu Mei. Nimelia mpaka mwenye nyumba akaniletea chai na kukaa nami bila kuniuliza habari za paka. Sina la kujitetea.

Nimeandika kwa wakubwa wa matabibu Nairobi. Nimewaambia habari za Salesio na za seremala pia, kwa jina langu, na wakuu wangu hapa nimewapa nakala. Watakachonifanya wafanye. Salesio ameshajibu. Amesema baba yangu alikubali mbele ya wazee kwa ncoolo, kwamba mashahidi wapo, na kwamba mimi ni binti mkaidi niliyegombana na nyumbani. Wagonjwa bado wanapanda ngazi zile, na wanakaa chini ya picha yangu kama Mama Ednah. Hilo linaninyima usingizi kuliko yote.

Nina swali moja. Babu yangu wa Kangeta alikuwa akituambia kwamba katika ukoo wetu kifurushi cha binti kina mafungu mawili, la baba na la upande wa mama. Na upande wa mama usipofungua lao, binti hajaombwa na hakuna aliyekubali. Mwigembe yeyote wa umri wa Salesio analijua hilo. Fungu lako ulilitundika juu ya jiko. Je, bado liko? Na kamba yake?

Kuhusu macho ya Mama Ednah: kitalu cha kukata hana tena. Kuna Wajapani wanaojaribu kutumia ngozi laini ya ndani ya shavu badala yake. Ni mapema mno na siahidi kitu. Mwambie nimesema siahidi.

Kathure


Siakago,
17 Oktoba 2004

Kathure mwanangu,

Mvua za vuli zimeanza na tumepanda ndengu tena. Mapacha wa mbuzi wanaruka mpaka mezani.

Barua zako zote mbili nilimsomea Ednah, bila kuruka mstari. Alikuwa akichambua mbegu kwa vidole, hakosei hata jiwe. Nilipofika kwa seremala, vidole vikasimama. Akauliza, "Ana watoto?" Nikamwambia hujaandika. Akaendelea kuchambua.

Fungu nililiteremsha. Limekuwa jeusi tititi, majani ya mgomba yanavunjika ukiyagusa, lakini kamba haijaguswa na mtu. Nikamwita baba yako. Alilitazama akiwa amesimama mlangoni, na kofia yake ikabaki mkononi. Akasema, "Twende wote, shemeji."

Kliniki ilikuwa imejaa. Wazee wa Igembe waliolala Embu ili wawahi, akina mama wa kwetu, kijana mwenye goti lililofungwa. Sikupiga kelele. Niliweka fungu mezani kwa yule msichana, masizi yakamwagikia karatasi zake. Salesio akatoka.

"Mzee, hii ni nini unaniletea?"

"Fungu langu," nikamwambia. "Mimi ni Gichovi, kaka yake Rwamba, na Rwamba ndiye aliyemzaa huyo wa kwenye picha. Halijafunguliwa."

Mzee mmoja wa Kangeta aliinuka, akaja akapitisha kidole kwenye kamba. "Kweli halijafunguliwa," akasema kwa Kimeru, akachukua fimbo yake akatoka. Wenzake wakamfuata. Akina mama wa Kimbeere wakaniuliza kuna nini, nikawaeleza kwa lugha yetu, na habari za Ednah nikawaeleza pia. Salesio alikuwa akisema, "Wazee, hiyo ni mila ya zamani, hapa ni sayansi." Mkono wake haukuthubutu kuligusa. Kijana wa goti alibaki kwenye benchi. Nilimsihi, akasema ameshatoka mbali. Namfikiria mpaka leo.

Mithika alipanda juu ya kiti, kwa umri wake ule, akaing'oa picha ukutani yeye mwenyewe. Alipofika kwetu aliiweka mapajani mwa Ednah akasema, "Mama Njagi, mtoto wako huyu. Nilimtoa bila kukuuliza." Ednah akapapasa kioo, akakipangusa kwa kanga. Baba yako akalia palepale, na alipoletewa chai akainywa.

Kliniki imefungwa mlango. Wakubwa wa Nairobi hawajafika bado. Nasikia Salesio anatafuta chumba Meru mjini, kwa hiyo usidhani tumemaliza.

Nilimuuliza Ednah nikuandikie nini. Akasema usiache kazi ukaja kumshika mkono kwenda chooni, maana Njagi ana choo ndani. Halafu akapapasa shavu lake. Akasema, "Mwambie mashavu ninayo mawili. Wasiponiweza mimi, basi wajifunzie kwangu kwa ajili ya yule seremala. Lakini safari hii kila kitu aniambie, hata kikiwa kibaya. Akiniambia, nitasubiri."

Barua yako ya Agosti nimeisahihisha. Njia umeionyesha yote, hatua kwa hatua, na imefika ikiwa imechelewa. Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu. Nimeiacha bila alama.

Mjomba wako,
Gichovi

Ednah anakusalimu.